Picha za Sahani za Binti wa Fundi

Fundi Cherehani alifunga mlango wake siku sita mfululizo, na kwa siku hizo sita benchi letu la pale nje kwake lilikosa raha. Ni benchi la mbao, refu, mguu mmoja tumeuwekea tofali, na kila asubuhi lina watu wale wale. Yupo Breki, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye haruhusu hadithi ya mtu ifike mwisho bila yeye kuisimamisha. Yupo Methali, kinyozi, mwenye methali nyingi kuliko wateja na asiyejua hata moja inakaa wapi. Yupo Mama Birika, ambaye kahawa yake ndiyo inayotuamsha na ulimi wake ndio unaotutawanya. Na mimi, fundi redio, ambaye kazi yangu hapo ni kusikiliza. Fundi alikuwa amesafiri na mkewe na mama yake mzazi kwenda mahafali ya binti yake chuoni, mji wa mbali. Binti mwenyewe ndiye aliyekuja kuwachukua, akasema Bibi hasafiri bila yeye. Basi asubuhi tuliyouona mlango uko wazi, tulikuwa tumeshakaa hata kahawa haijachemka.

Fundi hakusema mengi. Alitoa simu yake, akampa Breki.

— Picha hizo. Mtoto kaniwekea. Sukumeni na kidole.

Breki akasukuma. Akasukuma tena. Akakunja uso.

— Fundi, ngoja, funga breki. Mahafali yako wapi? Hapa naona samaki.

— Endelea.

— Naendelea, nakuta wali. Naendelea, nakuta kuku. Sasa keki. Mtu mwenye joho simwoni! Huyu mtoto kasomea nini, upishi?

— Upimaji wa ardhi, akajibu Fundi.

— Basi ndiyo hivyo! Anapima. Tazameni, hapa wali, hapa maharage, mpaka umepita katikati. Akirudi ofisini anaweka mawe ya mipaka.

Tukacheka. Methali akaivuta simu kwake, akaiweka karibu na pua kama anayesoma dawa.

— Nyie hamjui. Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mtoto kafika hoteli ngeni, kaletewa kuku mgeni. Lazima ampige picha kwanza aone kama ana kamba.

— Kuku wa kukaanga ana kamba ya nini? nikauliza.

— Ndiyo maana haionekani! Imeungua.

Mama Birika alikuwa anasuuza vikombe. Hakugeuka.

— Wanaume hamna akili. Msichana kamaliza chuo, anapiga picha chakula, anamtumia nani? Ana mchumba huyo. Anamwonyesha, tazama, mimi mtoto wa watu nakula kidogo, sitakumalizia ghala.

— Kidogo wapi? Breki akadakia. Samaki huyu ana urefu wa ubao wa kupigia pasi! Sikilizeni, mimi nimekula njiani miaka thelathini, nawaambia. Hiyo ni ushahidi. Unakula hoteli ya njiani, mbele huko tumbo linakuvuruga. Unashuka, unaingia polisi, unaweka picha mezani. Afande, huyu hapa samaki mwenyewe.

— Wamkamate samaki?

— Wamkamate mpishi! Na si hivyo tu. Kuna watu wana mitambo, picha ikipita hewani wanainusa. Wanajua leo mtaa fulani wamekula nini, kesho bei ya kitunguu inapanda. Wewe unadhani kitunguu kinapanda chenyewe?

— Ndiyo wahenga wakasema, Methali akamalizia kwa sauti ya hukumu, aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mtoto kashiba, anapiga picha kuturingia sisi wenye njaa. Samahani, Fundi, lakini ukweli ndio huo.

Fundi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Akaacha.

— Hiyo methali umeiweka vibaya, akasema taratibu. Kuna mwingine ameshiba na yeye mwenyewe hajui. Huyo utamwitaje?

Methali akaishusha simu, maana sauti haikuwa ya utani.

— Mama yangu. Mnamjua alivyokuwa. Sasa akili inakwenda na kurudi. Inakwenda zaidi kuliko inavyorudi. Anakula, ananawa, nusu saa haijapita anasema hajala tangu juzi.

Mama yake Fundi tulimjua sote. Alikuwa mwoshaji vyombo katika mgahawa mkubwa wa kule mjini, miaka ishirini na zaidi, mjane mwenye watoto watatu. Mimi na Fundi tulikuwa wadogo pamoja. Jioni alikuwa anarudi vidole vimekunjamana kwa maji, nguo inanuka sabuni na vitunguu, na sisi watoto wa jirani tulijipenyeza kwake kusikiliza. Mezani palikuwa na viazi vya kuchemsha na chumvi. Lakini mama yule alikuwa anatusimulia sahani alizoziosha.

— Unakumbuka, Fundi? nikasema. "Meza ya dirishani leo wamekula kuku, wameacha paja zima."

Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza.

— "Kula kiazi, mwanangu, huku ukimfikiria kuku." Na wallahi tulikuwa tunaisikia ladha yake! Dada yangu alikuwa anasema, Mama, leo nipe samaki, kuku nimemchoka.

— Mimi nilikuwa naomba mchuzi, nikasema. Mchuzi wa hadithi, na kiazi changu kikavu kilikuwa kinashuka chenyewe.

— Miaka yote hiyo, akaendelea Fundi, mama hakuwahi kuketi kwenye meza ya mgahawa ule. Aliujua kwa sahani zake tu, zikirudi chafu.

Mama Birika akakaa chini, jambo asilolifanya mbele ya wateja.

— Sasa safari yenyewe ilikuwaje?

— Siku ya kwenda basi lilisimama kula. Tukaingia mgahawa wa hapo njiani, mama akala samaki vizuri, akalamba na vidole. Tumerudi ndani ya basi, hata hatujavuka daraja, anapaza sauti: "Jamani abiria, mkwe wangu ananinyima chakula! Siku mbili sijatia kitu mdomoni!" Basi zima likageuka kumtazama mke wangu. Kuna bibi mmoja alimsonya waziwazi. Mke wangu akavuta mtandio, akajifunika uso. Mimi sikujua nishike lipi.

— Ukafanyaje?

— Mimi sikufanya kitu. Binti yangu ndiye. Akasogea, akafungua simu. Kumbe alipiga picha pale mezani kwa mchezo tu. Akasema, "Bibi, mkono huu wa nani?" Mama akatazama. "Wangu. Si unaiona pete yangu." "Umeshika nini?" "Mkia wa samaki." "Sasa mtu ashike mkia wa samaki halafu asimle?" Mama akafikiri. Akacheka mpaka machozi. Akawatangazia abiria: "Nimekula, jamani, nimekula! Tena mkubwa!" Basi zima likacheka naye, na yule bibi aliyesonya akampa mke wangu chungwa.

Breki akaichukua tena simu. Safari hii alisukuma polepole. Tukainama sote. Ilikuwa kweli. Pembeni ya kila sahani palikuwa na mkono wa mzee, mishipa imesimama, pete nyembamba imelegea kidoleni. Ulikuwepo kwenye wali, kwenye kuku, hata kwenye keki, kidole kimeshachovya. Tulizipita picha zote zile na hatukuuona.

— Kila mlo tangu siku ile anapiga, akasema Fundi. Bibi akilalamika, anaonyeshwa mkono wake.

— Na mimi nikasema mchumba, Mama Birika akanong'ona.

— Sijafika mwisho, akasema Fundi, akachomeka sindano kwenye pindo la nguo. Siku ya mahafali. Baada ya sherehe mtoto akatupeleka mgahawa mkubwa, vitambaa vyeupe mezani, wahudumu wamevaa tai. Alikuwa ameuchagua tangu mwaka wa kwanza. Anasema alikuwa anaupita kwa miguu akienda darasani, anahesabu, nikimaliza namleta Bibi hapa. Tukakaa wanne, yeye na joho lake. Mama akala kimya, kwa adabu, hata nikafurahi. Tumemaliza, mama akainuka. Akakusanya sahani. Yangu, ya mkwe wake, ya mjukuu, yake. Mifupa akaiweka juu, vijiko pembeni, akazibeba kwenye mkono mmoja kama zamani. Akaanza kwenda jikoni.

Hakuna aliyesimamisha hadithi. Hata Breki.

— Watu wakageuka. Mhudumu mmoja akaja mbio. Mimi, jamani... mimi nilimshika mama mkono. Kwa nguvu. Nikamwambia, "Keti! Unatuaibisha." Mama yangu! Sahani zile zile zilizonikuza! Akanitazama kama mtoto aliyechapwa na hajui kosa lake. Akasema, "Bosi, nitachelewa zamu."

Fundi akautazama mkono wake wa kulia.

— Bosi. Aliniita bosi.

— Na binti? nikauliza, maana niliona anataka kuishia hapo.

— Binti akasimama. Akautoa mkono wangu, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akamwambia, "Twende, Bibi, nakusindikiza." Wakaingia jikoni wote wawili, joho linaburuzika sakafuni. Nikawafuata mpaka mlangoni. Kulikuwa na mama mmoja pale kwenye sinki, mikono imejaa povu. Nikajua atawafukuza. Akamtazama mama yangu, akaziona sahani zilivyopangwa, akajua. Akasogea pembeni. "Karibu, mama, nisaidie, mgongo unaniuma." Mama akakunja mikono ya gauni. Akaziosha zote nne, mbele na nyuma, akazisuuza, akaziegemeza ukutani kwa mstari. Hamjaona sahani zimeoshwa vile. Halafu akatafuta kitambaa, hakukiona, akajifutia mikono kwenye joho.

— Joho la watu!

— Joho la kuazima. Sasa alipokuwa anajifuta, akaukamata mshono. Mnajua mimi cherehani nilifundishwa na mama huyu huyu. Akasema, "Nani kashona hili? Bega limepotoka." Akapandisha macho kidogo kidogo, kutoka bega mpaka uso. Akamwita mtoto kwa jina lake.

Fundi akapapasa mshono wa nguo iliyo mapajani.

— Jina lake, jamani. Miezi minane alikuwa anamwita dada, au nesi, au we binti. Akamwita kwa jina lake. "Umemaliza chuo?" "Nimemaliza, Bibi." Akageuka kwa wale wa jikoni: "Njooni mumwone mjukuu wangu! Kamaliza chuo huyu!" Wapishi wakaacha masufuria. Wakampigia makofi, wengine wakagonga mifuniko kwa miiko. Na mama katikati yao anapokea pongezi kama yeye ndiye aliyevaa joho.

— Alistahili, akasema Mama Birika.

— Tulipotoka nje nikamwambia, "Mama, nisamehe." Akauliza, "Kwa lipi?" Hakuwa anakumbuka. Nikamweleza. Akasema, "Hapana, wewe huwezi kunifanyia hivyo," akanipapasa shavu. Sasa mimi nimesamehewa au sijasamehewa? Nimeomba kwa mtu ambaye kosa halipo tena kwake. Liko kwangu tu.

Methali alifungua mdomo. "Wahenga..." akasema, kisha akachukua kikombe chake akanywa, ingawa kilikuwa kitupu.

— Na leo? akauliza Breki kwa sauti ya chini. Mama leo yukoje?

— Asubuhi kauliza mahafali ni lini. Mtoto kakaa naye kitandani anamwonyesha sahani. Nimewaacha wanacheka.

Hapo ndipo tulipomwona dada mmoja wa sare nyeupe ya hospitali amesimama mlangoni, amekunja gauni mkononi. Alikuja lipunguzwe urefu, akakuta mazungumzo, akaona haya kuyakatiza. Hatukujua amesimama muda gani. Macho yalikuwa mekundu kidogo.

— Samahani, kaka fundi. Nimesikia samaki wa mama, nimesikia kuku. Siku ile ya mahafali, pale kwenye vitambaa vyeupe, wewe mwenyewe ulikula nini?

— Mimi? Fundi akasema. Nilikula...

Akakuna kidevu.

— Kuku, Breki akamsaidia.

— Kuku alikuwa wa mke wangu.

— Wali basi, nikasema.

— Wali wa mtoto, aliuacha nusu. Mama alikula nyama na viazi, nilimkatia mimi, vipande vidogo. Nilimpa na maji...

Akaichukua simu. Akasukuma picha mbele, akasukuma nyuma. Mkono wa mama yake ukapita, ukapita tena, na pete yake. Tukainamisha vichwa vyote vitano juu ya kile kioo kidogo, na yule dada akiwa wa sita, tukitafuta upande wa pili wa meza, ilipokuwa sahani ya Fundi. Mama Birika alitikisa birika, lilikuwa jepesi. Hakuna aliyeomba kikombe.