Mkono Unaanzia Begani

Sifa zote zimrudie Bwana, ndugu zangu! Amina zenu leo ni za baridi kama asubuhi ya Julai hapa mjini, lakini si kitu. Tukifika mwisho mtaitika wenyewe bila kuombwa.

Wengi mnanijua kama Mama Neema fundi cherehani, ninayewashonea sare za kwaya na kuwagombeza mnaponenepa katikati ya mwaka. Leo sikuja na habari za nguo, ingawa shati litaingia humu, mtaona. Nimekuja kushuhudia habari za mume wangu, Baba Neema, aliyeketi pale karibu na dirisha. Ameniruhusu kusema yote. Asingeniruhusu nisingethubutu, maana yule mzee ni mwanajeshi mpaka leo, hata chai anakunywa kwa amri.

Ndugu zangu, baba yule alizaliwa Soweto, akatoka nchi hii akiwa kijana kwenda kupigania uhuru. Kule Angola gari lao lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Wenzake wawili walibaki pale pale. Yeye vipande vya chuma vilimwingia mkono wa kushoto, begani na kwenye kiwiko. Wakamleta kwetu Morogoro, kwenye kambi ya watu wa huku, na muuguzi mmoja, Sista Mwanaidi, ndiye aliyemwosha vidonda mpaka vikafunga. Mimi nilikuwa binti wa jirani, nikipeleka mboga kambini. Mengine mtayajua wenyewe, Neema si huyo hapo mbele?

Uhuru ukaja, tukahamia Johannesburg. Ule mkono haukunyooka tena, wala haupandi juu ya bega. Baridi ikiingia, anauma meno asije akapiga kelele. Alifanya kazi ya ulinzi hapa katikati ya mji mpaka mkono ukamkatalia, wakamwachisha. Na miaka yote hiyo hakuna aliyeuona isipokuwa mimi. Januari, jua linachoma, yeye shati la mikono mirefu! Nimeyashona mashati hayo mwenyewe, mkono wa kushoto naupanua kidogo ili kiwiko kipite. Alisema watu wakiona watauliza, na wakiuliza itabidi awataje wale wawili, naye hawezi.

Serikali ikaweka utaratibu kwamba waliopigania uhuru wakapata ulemavu waombe fidia na matibabu. Nilimsihi sana. Akakubali shingo upande. Wakataka ushahidi kwamba aliumia vitani, na kumbukumbu za kambi zilikuwa zimepotea. Basi mdogo wangu aliyeko Morogoro akamtafuta Sista Mwanaidi, akamkuta bado hai, bibi kizee lakini akili zake timamu. Bibi akatoa kiapo chake kwa Kiswahili. Kikatumwa moja kwa moja kwa mfasiri wa huku, akakitia Kiingereza. Sisi tuliletewa tafsiri ya Kiingereza tu ili Baba Neema aisome na kutia sahihi. Kiingereza changu mimi ni cha kuulizia vitambaa, kwa hiyo nilimtazama yeye akisoma. Nikaona amekunja uso. Kisha akatia sahihi.

Majibu yakaja. Madai yamekataliwa! Eti daktari anaona majeraha ya bega na kiwiko, lakini shahidi anasema alimwosha kiganja, na kiganja cha huyu mtu hakina hata kovu. Kwa hiyo haikuthibitika. Hawakuandika neno mwongo, ndugu zangu, lakini mtu mzima anajua anapoitwa mwongo.

Nikamuuliza, "Baba Neema, uliona wameandika kiganja ukanyamaza?" Akanijibu kwa kile Kiswahili chake cha Morogoro, "Niliona. Nikajua Sista amezeeka, amesahau. Mimi nani hata nimsahihishe mama aliyeniosha?"

Hapo ndipo nilipoelewa kinachomuua. Serikali kumkataa aliweza kuvumilia. Lakini mtu pekee aliyeuona mkono ule ukiwa mbichi alikuwa amemsahau! Tukapiga simu Morogoro ili bibi aandike upya. Mdogo wangu akatuambia Sista Mwanaidi wameshamzika.

Baba Neema akaacha kuja kanisani. Alikaa pale kwenye fleti yetu Doornfontein anatazama ukuta. Nikisema tule, anakula. Nikisema tulale, analala. Nami nilikasirika. Niliikasirikia serikali, nikamkasirikia na Mungu pia. Nasema kweli, tuko kanisani. Nilimwambia Bwana: mkono wako uko wapi, wewe unayesifiwa kwa mkono wenye nguvu?

Ijumaa moja nililia hapa kwenye maombi mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Tuliposema amina, dada Wambui, Mkenya wetu anayefanya kazi chuoni, akaniinamia, "Mama, pole sana. Lakini mmekata rufaa?"

Eish! Rufaa? Mimi nilidhani serikali ikishasema, imesema. Akaniambia muda wa rufaa haujaisha, ila unaelekea ukingoni, na kwamba kuna kliniki ya sheria pale pale Doornfontein, mawakili wanasaidia watu bila kudai malipo. Ndugu zangu, ile kliniki nilikuwa naipita kila ninapokwenda kununua zipu na uzi! Niliona neno kliniki, nikadhani wanang'oa meno.

Tukaenda. Baba Neema alikuja kwa sababu nilimvalisha viatu. Wakili aliyetupokea ni binti wa Kizulu, Nomvula, umri wa Neema wetu. Nikasema moyoni, huyu naye si mtoto? Lakini akafungua lile faili akasoma kila karatasi, akawa wa kwanza kutuuliza, "Kiapo chenyewe cha Kiswahili kiko wapi?" Akakiomba serikalini. Kilipofika akatuita tena, akanipa mimi nikisome kwa sauti. Akasema anapenda kumsikia shahidi kwa lugha yake.

Nikasoma. Bibi alikuwa ameandika: "Kijana huyu aliletwa kwangu ameumia mkono wa kushoto, nami nilimwosha mkono huo mpaka ukapona."

Nomvula akanizuia. "Mama, rudia hapo. Umkhono?" Nikasema ndiyo, mkono. Akashika mkono wa blauzi yake, akauvuta kutoka begani. Akasema kwao umkhono ni huu wa nguo, na ng'ombe akichinjwa, umkhono ni mguu wa mbele, mzima, mpaka bega. "Sasa kiganja kimetoka wapi?"

Mnaona, wapendwa? Kiingereza kina neno la kiganja na neno lingine la huku juu. Mfasiri alikutana na mkono akachagua lile dogo! Sisi mkono wetu ni mmoja. Mkongo aseme mukono, Mkenya aseme mkono huku anachanganya na Kizungu chake, wote tunaanzia begani tunaishia kwenye vidole. Hata shati tunasema lina mikono, na shati halina kiganja! Mimi ninayeshona mikono kila siku, nisingelijua kosa lile maisha, kwa kuwa maneno ya bibi sikuwahi kuyaona.

Baba Neema akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Kumbe Sista hakunisahau." Na yule mwanajeshi akalia mbele ya binti wa watu, akalia kwa sauti, na mimi naye. Bwana apewe sifa!

Nomvula akawasilisha rufaa kabla mlango haujafungwa. Akamtafuta mwalimu wa Kiswahili aape kuhusu lile neno moja. Kisha tukaitwa mbele ya jopo. Mwenyekiti akauliza kupitia mkalimani, mkono kwenu ni nini. Nikasimama. Nikagusa bega langu, nikashuka polepole mpaka ncha ya kidole, nikasema, "Ndio huu, mheshimiwa. Hatuna mwingine."

Akamgeukia Baba Neema, akamuuliza kama ana la kuongeza. Nilijua atasema hapana. Lakini akasimama, akaanza kufungua vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Nikataka kumsaidia, Nomvula akanishika gauni. Akavua shati, ndugu zangu! Mbele ya watu asiowajua aliwaonyesha bega na kiwiko, akawaeleza lile bomu, na akawataja wale wawili kwa majina yao. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuyasikia majina hayo.

Rufaa ikakubaliwa. Wameandika kwamba aliumia vitani, na matibabu ameshaanza. Mungu si Athumani!

Wewe uliyekataliwa na karatasi yako umeificha chini ya godoro kwa aibu, nakusihi, itoe. Mwamini Bwana, halafu uvae viatu uende ukaulize. Mimi nilimuuliza mkono wake uko wapi, na siku zote hizo ulikuwa mtaani kwangu, naupita nikitafuta zipu. Usimpangie aje kwa mlango upi. Anaweza kuja na binti mdogo mwenye faili kwapani.

Sasa tusimame tumshukuru. Inueni mikono, wote. Baba Neema, simama na wewe. Mnaona shati lake? Nimelishona wiki hii, na aliniomba mwenyewe: mikono mifupi. Wake hauvuki bega, mnajua. Inua hapo hapo unapofikia, baba. Leo wote tunauona.