Ta Philbert na Chumba cha Tanuri

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Philbert Mushumbusi, tunayemwita kwa heshima Ta Philbert, anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha mikate hapa Bukoba kwa miaka thelathini na mmoja. Alianza kwa kubeba magunia, akawa mkandaji, kisha mkuu wa tanuri. Wateja wa Muleba walibonyeza mkate kwa kidole wakajua kama ni wake.

Ni mcheshi. Vijana walipomtania, "Ta Philbert, ukifika bandarini Kemondo shika nguzo, upepo usikubebe!" aliwajibu, "Nikibebwa naondoka na mikate, nyie mtalala njaa." Lakini wembamba ule, wenzangu wapya mfahamu, haukuwa wa kuchekwa.

Tanuri alilirithi kwa mkuu aliyemtangulia, marehemu Ndyamukama, aliyekauka hadi akafa bila ugonjwa wake kujulikana. Haikupita miaka mingi, Ta Philbert naye akaanza: tumbo kujaa na kuharisha, damu kupungua, mashavu kuingia ndani. Akienda likizo kwake Ijuganyondo, alinawiri. Akirudi kazini, uso wa Ndyamukama ulianza kujitokeza katika uso wake, ingawa hawakuwa ndugu. Wafagiaji wakawa wanafagia hadi mlango wa chumba cha tanuri na kuishia hapo, wakiamini chumba kile ndicho kinachomla mtu. Joviana, mkewe, alimsihi aache kazi angali hai.

Daktari Minza wa hapa mjini hakuuliza habari za chumba. Aliuliza mgonjwa anakula nini. Nyumbani ni ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage. Kazini ni mkate, na unga ulioelea hewani. Akashuku gluteni, yaani kile kinachofanya donge la ngano livutike. Wapo watu ambao miili yao hukiona kuwa adui, na katika vita hivyo utumbo wao wenyewe ndio unaoharibika.

Hapo tukakosea, kosa la kwetu kabisa. Sisi hatumpeleki mtu kupimwa akiwa hoi. Kwanza tunamlisha ebitoke apate nguvu. Joviana alimtunza hivyo kwa miezi mingi ya likizo ya ugonjwa, ndipo damu ikachukuliwa. Majibu yakaja: safi. Tukaambiana: Kama si ugonjwa, basi ni chumba.

Daktari akatufafanulia. Kipimo kile hutafuta askari ambao mwili huwatuma kupigana na gluteni. Mtu akikaa muda mrefu bila ngano, askari hutawanyika na kipimo hakiwaoni. Ilibidi Ta Philbert arudi tanurini, ale mkate kila siku kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi wake, kisha apimwe upya.

"Dokta, unamrudisha kwa kitu kilichomla Ndyamukama?" Joviana aliuliza.

"Namrudisha ili tukione, mama."

Wiki zile sitazisahau. Alikaa kwenye benchi karibu na tanuri akatafuna kimya, nasi tukimtazama. Kila asubuhi uso wake ulikuwa umezama kidogo zaidi, na yule mwingine amesogea karibu. Kipimo cha pili kikawaona askari. Kamera ya utumbo kule Mwanza ikathibitisha. Akaacha ngano, akahamishiwa kwenye gari la kusambaza mikate, na nyama zikarudi mwilini.

Ndyamukama hakupimwa kamwe, kwa hiyo hakuna ajuaye. Ninachojua ni kwamba katika siku zake za mwisho kila mmoja wetu alikwenda kumwona na mkate, wa moto, ule mzuri kuliko yote. Hakukataa hata mmoja. Alishukuru, akamega, akala mbele yetu ili tufurahi.

Ma Joviana, asante kwa kutuazima mumeo. Tunakurudishia akiwa mzima. Ta Philbert, asante kwa kazi, kwa vicheko, na kwa ujasiri wa kukaa kwenye benchi lile. Uishi miaka mingi shambani kwako, wewe na wako. Tutakuja kukutembelea mara kwa mara, na tutakuja mikono mitupu.