Wajomba Waliopimwa Mahali pa Baba

RISALA YA KIKUNDI CHA NUSU KWA NUSU, MADIMBA, KWA MGENI RASMI DAKTA GAUDENSI MROPE, MRATIBU WA MRADI WA AFYA YA MTOTO PWANI YA RUVUMA, SIKU YA KUFUNGUA CHUMBA CHA KUPIMIA DAMU

Mgeni rasmi, ndugu yetu na mtani wetu, Dakta Gaudensi Mrope. Mwenyekiti wetu wa kijiji. Sheikh na katekista mliokaa benchi moja. Nesi wetu Magreth. Akina mama, akina baba, na hasa akina mjomba:

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

KARIBU

Mgeni rasmi, sisi wazazi wa watoto wenye selimundu tunakukaribisha Madimba kwa mikono miwili. Tulikutarajia saa nne. Sasa ni saa saba na robo, na hatulalamiki, maana Mmakua wa Masasi akisema anakuja saa nne, halafu akafika siku ileile, Wamakonde tunachinja. Tumechinja.

Kwa kuwa wewe ni mtani, wenzangu wameona risala hii niisome mimi, Mwajuma Athumani, katibu wa kikundi. Wanasema sina breki. Unajua mila: mtani akitaniwa akanuna, anatozwa kuku. Sisi tunakuomba usinune mpaka tufike kwenye maombi, baada ya hapo ni hiari yako.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianza miaka minne iliyopita, kwenye benchi la zahanati. Tulikuwa akina mama sita tunaokutana pale kila mara, kila mmoja na mtoto anayelia mifupa. Mwisho tukajuana kwa majina, tukaanza kuchangiana chai ya chupa.

Kabla ya hapo kila nyumba ilikuwa na jina lake la ugonjwa. Vidole vikivimba, ni baridi. Macho yakiwa ya njano, ni nyongo. Maumivu yakizidi, ni mkono wa mtu, na jirani anaanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni. Mimi mwenyewe mjukuu wangu Sharifa nilimpeleka kwa waganga watatu, nikagombana na wifi yangu mpaka leo hatujakaa sawa. Sharifa alifariki akiwa na miaka mitatu. Wifi hakuwa na kosa, na nimemwambia hivyo mbele ya watu, ila bado inaniuma.

Baadaye mradi wako ulituletea mashine ya kupima damu na mtaalamu wake, kijana anayeitwa Godfrey. Hiyo ni miezi kumi na sita iliyopita. Mgeni rasmi, kwenye taarifa yako imeandikwa kwamba siku ya kwanza "mwitikio wa jamii ulikuwa mkubwa." Ni kweli. Sasa tukueleze ulikuwa mkubwa wa namna gani, kwa sababu jambo hili hatukuwahi kuliandika popote.

Gari la matangazo lilipita likisema wazi kabisa: kila mtoto aje na baba yake na mama yake, wote wapimwe. Hatukukosea kusikia. Tulilisikia, tukakaa vikao vya nyumbani, tukaona wenzetu hawa wa mradi hawajui mila, tukawasahihisha. Kwetu Wamakonde, iwe wa upande huu au waliovuka kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye sauti juu ya mtoto ni mjomba, ndugu wa mama. Jambo zito kama damu ya mtoto, baba anaanzaje kujipeleka mbele? Basi akina baba wakabaki kwenye mikorosho wakipalilia, wakimshukuru Mungu kwamba sindano imewapita, na wajomba kumi na mmoja wakavaa kanzu na mashati ya pasi, wakapanga foleni, wakatoa damu. Karani akawaandika wote kwenye mstari wa baba.

Majibu yalipotoka, Godfrey aliyasoma mara mbili. Kwa hesabu ya mashine, watoto sita wa Madimba hawakuwa wa baba zao.

Alijitahidi kuficha, lakini hapa hakuna bahasha inayofungika. Mmoja wa watoto hao ni Nelio, wa Ermelinda na Silvio. Silvio aliposikia, hakugomba wala hakupiga mtu. Alichukua jembe lake na redio, akaenda kwa kaka yake huko Likombe. Ermelinda alikaa wiki tatu bila kutoka hata kisimani, akifua na kuzifua tena nguo zilezile. Wazee tulikaa vikao, tukasema maneno mengi ya hekima, na hata mmoja wetu hakukumbuka kuuliza aliyetolewa damu alikuwa nani.

Aliyeuliza ni nesi Magreth. Alishika karatasi akasema, "Ermelinda, huyu Fernando aliyeandikwa hapa ndiye mumeo?"

Ermelinda akajibu, "Fernando ni kaka yangu. Ndiye mjomba wa mtoto. Ulitaka nani?"

Nesi alikaa chini. Siku ile ile Silvio aliitwa kutoka Likombe, akapimwa mwenyewe, na jibu lake likaonyesha kila kitu kilikuwa mahali pake. Alirudi nyumbani na jogoo wa kuombea msamaha. Miezi tisa baada ya jogoo huyo, akazaliwa Ines. Huyo tutamrudia, maana ndiye aliyetukusanya leo.

TULICHOJIFUNZA

Mgeni rasmi, hapo ndipo tulipopata jina la kikundi. Godfrey alitukalisha tena kuanzia mwanzo. Alituambia mwilini mna maelezo madogo yanayoitwa jeni, na kila mtu anayo nakala mbili za kila elezo, moja ya mama na moja ya baba, nusu kwa nusu. Mjomba anaweza kulipa ada, anaweza kupokea posa, anaweza kugomba harusini, lakini kwenye hesabu hii hana korosho hata moja kikapuni.

Nasema korosho kwa sababu ndivyo alivyotufundisha. Aliweka vikapu viwili, kila kimoja na korosho nzima moja na iliyotobolewa moja. Mama anafumba macho, anachukua moja kwenye chake. Baba naye moja kwenye chake. Zikitoka mbili zilizotobolewa, mtoto ana selimundu. Ikitoka moja moja, mtoto haumwi, ila ameibeba, na siku moja atakuwa na kikapu kama cha wazazi wake. Zikitoka nzima mbili, amepona kabla hajazaliwa.

Mzee Emmanueli alisimama akadai kwamba kwa kuwa mjukuu wake wa kwanza ameshaumwa, basi watatu wanaofuata wana stakabadhi ya uzima. Wengi tulipiga makofi, tuliona amesema jambo. Godfrey akamwita mbele, akamwambia achukue korosho, halafu azirudishe kikapuni, halafu achukue tena. Mara ya pili zikatoka zilezile mbili mbovu. Kila mimba inaanza na vikapu vimejaa. Mzee alikwenda kukaa, na tangu siku ile ndiye mwalimu wetu mkali kuliko wote.

Tuliuliza pia, kama nakala hii ni mbaya hivyo, mbona imejaa kwetu? Tukajibiwa kwamba anayebeba moja tu, utotoni malaria kali huwa inamwona inampita mara nyingi. Kwa hiyo kwenye mikoko na madimbwi ya mdomo wa Ruvuma, mbu ndio waliotuchagulia mababu. Ninyi wa Masasi mnaojisifu kwa vilima na hewa safi, msicheke. Pimeni kwanza.

Jambo lililotushinda kuelewa ni hili: kama Nelio alizaliwa na nakala mbili mbovu, mbona miezi mitano ya mwanzo alinenepa kama mtoto wa tangazo? Hapo Mzee Emmanueli, ambaye alikuwa mlinzi wa geti kule kwenye kiwanda cha gesi, ndiye aliyetusaidia. Alisema mabomba yanaweza kuwepo yote, ila inategemea koki ipi imefunguliwa. Godfrey akamwambia amepatia. Maelezo ya kutengeneza damu yamo mpaka kwenye ukucha wangu huu, ila kwenye ukucha yamefungwa, yanafunguliwa ndani ya uboho wa mifupa. Na damu yenyewe ina koki mbili. Mtoto akiwa tumboni inafanya kazi ya kwanza, na chembe za damu yake hazijikunji kama mundu hata kama ana selimundu. Akishazaliwa, ile inafungwa polepole na ya ukubwani inafunguka. Karibu na miezi sita, ugonjwa unatoka ulikojificha.

Dawa ya haidroksiyurea anayomeza Nelio inailegeza tena ile koki ya utotoni. Haifuti alichorithi, ila inaamsha kilicholala. Mwaka mmoja kabla ya dawa, Nelio alilazwa mara tano. Mwaka huu amelazwa mara moja. Yuko darasa la pili, na mwezi uliopita mwalimu alimwita Ermelinda kumshtakia kwamba mtoto wake anapigana. Ermelinda alilia kwa furaha mbele ya mwalimu, mwalimu akadhani amemkosea.

MAFANIKIO

Katika miezi mitano Godfrey alipima watu mia mbili na kumi na wawili. Akina baba sasa wanapimwa wenyewe. Vijana wawili waliotaka kuoana walipima, wakajikuta wote wamebeba, wakaoana hivyo hivyo wakijua wanachokiendea, na sisi tukacheza ngoma. Na chumba hiki unachokifungua tumekifyatulia matofali wenyewe, kwa sababu mashine ilikuwa inakaa stoo pamoja na vyandarua.

CHANGAMOTO

Tulikuwa tumeandika nyingi. Bati limevuja upande mmoja, wanawake wachache bado wananyooshewa kidole ukweni. Tumezikata. Tunabaki na moja.

Miezi kumi na moja iliyopita Godfrey aliitwa ofisini kwako mjini, kwa wiki mbili, kusaidia kuandaa semina. Tunaamini wiki za Kimakua zina siku nyingi. Tangu hapo mashine ina umeme, ina dawa zake, ina chumba, na imelala. Hakuna mwingine aliyefundishwa kuiendesha. Watoto tisa wa wanakikundi wamezaliwa bila kupimwa, na Ines ni mmoja wao.

Ines ana miezi minne. Wazazi wake wote wawili wamebeba, kwa hiyo kuna nafasi moja kati ya nne. Anacheka, amenenepa, na furaha hiyo haituambii chochote, kwa sababu koki ya kwanza bado haijafungwa. Kile kipimo kidogo cha zahanati nesi Magreth amekataa kukitumia, kwa umri huu kinaweza kusema hana selimundu kumbe anayo. Kama anayo, inabidi aanze dawa ya kumkinga na maambukizi sasa hivi, kabla homa ya kwanza haijamkuta. Nesi anataka jibu mkononi kabla hajaanzisha dawa ya miaka mitano.

Tulipeleka damu yake ofisini kwako mara mbili. Ya kwanza iliharibika kwa joto njiani. Ya pili ilifika salama, tukajibiwa kwamba mtaalamu wa kuipima hayupo, yuko semina. Mtaalamu huyo ni Godfrey.

Kila asubuhi Ermelinda anambonyeza Ines vidole vya mikono, kimoja kimoja, kisha vya miguu, kuona kama vimeanza kuvimba. Hivyo ndivyo ilivyoanza kwa Nelio. Akimaliza anamvika soksi. Mgeni rasmi, tunaogopa. Hapo hatukutanii.

MAOMBI

Hatuombi vigae, hatuombi televisheni ya kwenye ukumbi wa kusubiri, hata posho ya kikao leo hatuombi, na hilo liandikwe kwenye historia ya mkoa.

Tunaomba mtu mmoja, na umekuja naye. Ndiye aliyekushikia mwavuli uliposhuka garini. Sasa hivi amekaa nyuma yako, amelaza koti lako magotini, na anajifanya hatusikii. Mashine nesi ameiwasha tangu saa mbili asubuhi. Silvio yuko mstari wa mbele, ameshakunja mkono wa shati ingawa yeye alishapimwa, tumemwambia aushushe amekataa. Ermelinda yuko pembeni yake, amempakata Ines.

Basi, kabla hujakata utepe, tunaomba Godfrey akukabidhi koti lako aingie ndani. Mjomba Fernando amejitolea kukushikia hilo koti mpaka jioni. Kazi ya kusimama mahali pa mwingine anaiweza.

Mungu akupe afya, akuzidishie wajukuu wenye damu njema, akurudishe Masasi salama wewe na dereva wako, na kiti kimoja kitupu garini.

Ni sisi,
Kikundi cha Nusu kwa Nusu,
Madimba, Mtwara.

Imesomwa na Mwajuma Athumani, Katibu.