Walioleta Habari ya Mjukuu

Ndani ya basi la kwenda Homa Bay, mwaka wa tisini na saba, Mzee Mniko alifumba macho ili asikie vizuri. Mbele yake Mama Nyangi alikuwa amembana Mohamednur, mwenye duka la kompyuta pale Migori.

"Binti yangu amejifungua ng'ambo, habari ikanifikia kwa barua ya kompyuta dukani kwako siku hiyo hiyo! Mtoto ataitwa jina lako, mwanangu."

"Si mimi, mama. Kompyuta hufanya kazi kwa matabaka. Tabaka la juu hupokea barua, linalofuata huikata vipande, lingine huvitafutia njia, la chini huvisukuma kwenye waya. Huku kwetu vinapanda tena, tabaka kwa tabaka, mpaka barua inakamilika. Kila tabaka linajua kazi yake tu."

"Hakuna hata mmoja wao aliyejua amebeba mtoto?"

"Hata mmoja."

"Maskini! Wamembeba bila kumjua, na hawakumwangusha. Hao ndio wa kushukuriwa."

"Lakini si watu, mama!"

"Watu wangapi wangembeba hivyo?"

Basi likasimama Rongo. Mama Nyangi akashuka, akaziinulia mikono nyaya za simu, akashukuru kwa Kikuria, kisha Kijaluo, kisha Kiswahili, maana hakujua tabaka lipi linasikia lugha ipi.