Sumaku Iliyogoma Barabara ya Njombe

Benchi la kahawa la Mama Janeth limeegemea ukuta wa nyumba ya Joackim, pale Makambako, hatua chache kutoka barabara iendayo Njombe. Ni ubao mmoja wa paini juu ya matofali, na kila siku kuanzia saa nne hukaliwa na wazee wale wale watatu, makoti mabegani, vikombe mkononi, wakitatua matatizo ya watu wengine. Siku hiyo tatizo liliwafuata lenyewe. Joackim, mbeba maziwa, alikuwa amekaa juu ya gunia mbele yao, pikipiki yake imefunguliwa ubavu, na sumaku ya injini imegoma kutoka tangu jana. Nyuma ya sumaku ndiko ilikokuwa koili ya umeme iliyoungua. Koili mpya ilikuwa mfukoni mwake. Kati ya hiyo mpya na mahali pake palikuwa na chuma cha ukubwa wa kisosi, na chuma hicho hakikuwa na mpango wa kwenda popote.

— Piga, alisema Jofrey, aliyeitwa Magogo kwa sababu alipasua mbao Njombe miaka ishirini. Gogo ukilibembeleza linakulalia. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Nani ainame, mzee, mimi au sumaku?

— Wewe. Uiname upate nguvu ya kupiga.

— Nimepiga jana. Fundi kaniambia nikiendelea kupiga nitapinda shafti, ninunue injini nzima.

— Fundi gani huyo anayeogopa nyundo?

Kichwa cha Joackim kilikuwa kwenye maziwa. Jana jioni hakwenda kuyachukua, na akina mama wa vijiji vya njia ya Kidugala wakawanywesha ndama na nguruwe lita sitini nzima. Asubuhi mwenyekiti wao, Dorika, alimpigia simu. "Kaka Joackim, nakuheshimu, lakini ng'ombe hajui koili." Miaka sita amewabebea, na bati la nyumba ile limetoka kwenye maziwa hayo. Akikosa na leo, njia inakwenda kwa jamaa mwenye bajaji ya mizigo. Aliogopa, na hakuona aibu kukiri moyoni kwamba anaogopa.

— Tatizo lenu hamna sayansi, alisema Brayson. Huyu ndiye waliyemwita Profesa. Alisoma fizikia mpaka kidato cha sita, na matokeo yake hayazungumzwi benchini. Chuma kikipata baridi kinasinyaa, aliendelea. Ipakie pikipiki kwenye Fuso mpaka Bulongwa, ilaze nje wiki moja ya mwezi wa saba, umande uigandie. Asubuhi unaiokota sumaku chini kama parachichi.

— Sasa hivi ni mwezi wa kumi na moja, Profesa.

— Subira huvuta heri.

— Na ikisinyaa, si itabana zaidi? aliuliza Mama Janeth huku akimwaga majivu ya jiko.

Profesa akanywa kahawa, taratibu sana.

— Mnahangaika bure, alidakia Danieli. Hajawahi kuwa mwinjilisti hata siku moja, ila huwezi kumsalimia bila kuhubiriwa, kwa hiyo jina ni Mwinjilisti. Sikilizeni. Funga mnyororo mmoja kwenye sumaku, mwingine kwenye injini. Wa sumaku unaufunga nyuma ya semi inayokwenda Tunduma. Wa injini, nyuma ya basi la Songea. Pale njia panda wote wawili waondoke kwa pamoja. Umoja ni nguvu.

— Na mimi nikae wapi?

— Katikati, upokee.

— Kama ni kuvuta, basi treni, alisema Magogo. Treni haina huruma.

— Treni itachelewa, alisema Profesa, na hapo kwa mara ya kwanza benchi zima likakubaliana.

Joackim alicheka, halafu akachukia kwamba amecheka. Kuna kifaa cha kazi hiyo, mafundi wanakiita pula: unakikaza kama skrubu kwenye nyuzi za mdomo wa sumaku, ncha yake inasukuma shafti, sumaku inatoka yenyewe. Alikwisha kuzunguka kwa mafundi watatu, na pula zao zote zilikataa kuingia kwenye nyuzi hizo. Wa nne, ambaye anayo yenyewe, alikuwa msibani Igwachanya na sanduku lake kalifunga kwa kufuli. Kwa kuwa kazi ilikuwa imesimama, Joackim alifungua gurudumu la nyuma azibe pancha, mikono isikae bure. Ekseli yake, chuma kinachopita katikati ya gurudumu, aliiloweka kwenye beseni la dizeli, itoe kutu.

Saa nane bodaboda ikasimama. Akashuka mama mmoja mwembamba mwenye kitenge begani na gambuti za shambani.

— Kamwene, alisalimia.

— Kamwene, mama. Karibu.

Alikuwa Dorika mwenyewe. Joackim akainuka, mikono myeusi, asijue aipeleke wapi.

— Akina mama wamekaa kikao, alisema. Wanasubiri simu yangu saa kumi kamili. Wengine wanasema pikipiki ni kisingizio, umepata kazi nyingine. Nikawaambia ngoja nikaone kwa macho.

— Unaona, mwenyekiti. Ni hiyo sumaku tu.

— Tunalishughulikia, mama, alisema Mwinjilisti. Penye wengi hapaharibiki neno.

Dorika alilitazama benchi, akaitazama pikipiki, akachutama penye beseni.

— Na huu mtarimbo ni wa nini?

— Ekseli ya gurudumu la nyuma.

— Mbona nyuzi zake zinafanana na za mdomo wa hilo dude lenu?

Magogo alimtazama Profesa. Mwinjilisti akapata kitu cha kuangalia barabarani.

— Mimi sijui pikipiki, aliendelea Dorika. Ila bomba langu la kupulizia viazi nalifunga mwenyewe. Nyuzi nazijua.

Joackim aliichukua ekseli, akaifuta kwa tambara, akaisogeza kwenye mdomo wa sumaku. Alizungusha kwa vidole. Ikashika. Akazungusha tena, raundi ya pili, ya tatu, ya nne, ikiingia laini bila kugombana na mtu, mpaka ncha ikagusa shafti. Furaha iliyompanda kifuani ilimfanya akae chini kwanza. Siku mbili alikuwa akitafuta pula mji mzima, na pula ilikuwa imelowekwa nyumbani kwake.

— Nilitaka kusema hivyo hivyo, alisema Profesa.

Joackim alipokaza kwa spana, sumaku nayo ikazunguka. Ilitaka kushikwa.

— Mwinjilisti, mkanda wako.

— Mkanda upi?

— Wa suruali.

Mwinjilisti alisitasita, akautoa. Ukazungushwa kwenye sumaku, Magogo akauvuta kwa mikono miwili, na mwenye mkanda akabaki kashika suruali kwa mkono mmoja na kikombe kwa mwingine. Joackim akachomeka kipande cha bomba la maji kwenye mpini wa spana apate urefu. Akakaza mpaka bomba likaanza kupinda. Sumaku kimya.

— Inataka joto, alisema Joackim. Ipanuke kidogo tu. Mama Janeth, maji ya moto yapo?

— Maji yote nimeyafanya kahawa.

Wote wakalitazama birika. Lilikuwa limejaa, la mchana, lenye tangawizi, linatoa mvuke. Hapakuwa na jingine mpaka jioni.

— Jamani, alisema Profesa kwa sauti ndogo. Tufikirie kwanza.

— Fikiria wewe, alisema Mama Janeth, akalibeba birika lake mwenyewe na kuanza kumimina kahawa inayochemka juu ya sumaku, polepole, mpaka tone la mwisho. Harufu ilijaa uwanja mzima. Mwinjilisti alifumba macho.

— Sasa kaza, Baba Eveline, Mama Janeth alimwambia Joackim.

Joackim akakaza. Akachukua nyundo, akagonga kichwa cha ekseli mara moja, kistaarabu. Ikalia kaa, na sumaku ikaruka kutoka kwenye shafti ikatua juu ya gunia.

Wote wakasema kwa pamoja. Magogo alidai ni nguvu ya mkono wake. Mwinjilisti alidai ni mkanda. Profesa alieleza upanukaji wa metali kwa mtu yeyote aliyepita barabarani. Joackim hakubishana na yeyote. Alikuwa anacheka peke yake, akifuta kahawa, akifunga koili mpya, akirudisha sumaku na nati yake. Dakika arobaini baadaye alipiga kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, injini ikakohoa. Ya tatu ikawaka, ikanguruma mpaka vikombe vikacheza juu ya ubao.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika mbili. Dorika alipiga simu, akainama, akaisogeza karibu na bomba la moshi.

— Mnaisikia?

Vigelegele vilitoka kwenye simu vikaishinda injini. Joackim aligeuka pembeni akajifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na oili, na hakujali nani anamwona. Njia ilikuwa yake.

— Haya, alisema Dorika akikata simu. Tunaondoka saa ngapi?

Pikipiki ilikuwa inanguruma vizuri kabisa juu ya tofali, haina gurudumu la nyuma.

Magogo ndiye aliyetangulia, akaliviringisha gurudumu lililokwisha kuzibwa. Profesa akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya pasi, akashika mnyororo. Mwinjilisti akakagua nyuzi za ekseli, akaipaka grisi, akaisukuma mpaka ikatokea upande wa pili. Mama Janeth alisema miaka tisa ya benchi lile hajapata kuwaona wameinuka wote kwa pamoja isipokuwa mvua inyeshe.

Saa kumi na nusu Joackim aliingia barabarani, madumu ubavuni, Dorika nyuma ameshika kitenge chake, honi ikipigwa bila sababu yoyote ya usalama. Wazee watatu walibaki wamesimama, mikono myeusi, wakimpungia mpaka akapotea. Walipogeuka, Mama Janeth alikuwa amekaa benchini peke yake, katikati, miguu ameinyoosha.

— Mama Janeth, alisema Profesa, akipangusa kikombe chake. Kahawa?

— Kahawa imekwenda Kidugala.