Karai la Bati la Anaeli

Wapendwa waombolezaji, wazee wa kanisa, majirani wa Kariakoo na wenzetu wa sokoni, mimi ni Nikodemu, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu Anaeli Mbwambo, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo baadhi yenu mngependa niyaruke.

Marehemu alizaliwa Usangi, Upare, tarehe 12 Machi 1886, akaanza shule ya misheni mwaka 1896, akamaliza mwaka 1901 akijua kusoma, kuandika na kuimba sauti ya chini, ingawa kuhusu hilo la kuimba walimu wake walikuwa na maoni yao. Mwaka 1904 aliajiriwa katika bustani ya serikali ya Wajerumani kule Usambara, na huko ndiko alikojifunza kubebesha miche, yaani kulipachika jicho la mchungwa mtamu kwenye shina la mdanzi, kwa sababu danzi ni chungu lakini mizizi yake huyavumilia maradhi ya udongoni.

Vita vilipokwisha alihamia Dar es Salaam, na tarehe 3 Februari 1921 alianzisha kitalu uani kwake, hapa hapa Kariakoo. Wengi wenu mnaukumbuka utaratibu wake, kwamba hakuuza mche kabla ya kuung'oa mbele ya mnunuzi na kuiosha mizizi katika karai la bati, mtu aone mwenyewe kuwa ni myeupe na haina kidonda, ndipo aufunge kwa magome mabichi ya mgomba, na mwenye haraka alikalishwa kwenye kigoda mpaka aambiwe asirundike udongo shinani, wala asipande pale alipokufa mchungwa mwingine.

Tarehe 17 Novemba 1923 alifunga ndoa na Candida, baada ya wazee kubishana mwaka mzima ni kanisa lipi lifungishe, wakajaliwa watoto watatu, Tabitha, Yeremia, na Eliapenda ambaye Mungu alimchukua akiwa na miezi saba. Ndoa hiyo ilimpa pia shemeji, Mathiasi, kaka yake Candida, ambaye yupo hapa leo, na ambaye marehemu alimfundisha kazi kwa miaka tisa na kula naye sahani moja.

Aprili 1933 marehemu alikwenda Usangi kumuuguza mama yetu, akakaa huko hadi tulipomzika mwezi Septemba, kitalu akamwachia Mathiasi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mathiasi alikihamishia kitalu Bonde la Msimbazi, ambako maji yako karibu, mahali palipokuwa na shamba la machungwa lililokufa lote, na kwa kuwa mizizi iliyooza haionekani ikiwa imefunikwa, aliacha kuosha, akaifunga miche kwenye magunia pamoja na tope lake, akiwaambia wanunuzi kuwa ndiyo amri mpya ya Anaeli, na kaka yangu aliporudi miche ilikuwa imekwisha kuuzwa.

Tope lile mlilipeleka wenyewe kwenye mashamba yenu, na kufikia mwaka 1935 majani yalikuwa ya njano na mashina yanatoa utomvu. Wazee walipokutana Magomeni, Mathiasi alisema udongo ule aliuchagua Anaeli, nanyi mkasadiki, mkaacha hata kuitikia salamu ya marehemu. Kaka yangu alinyamaza, kwa sababu kumtaja mwongo kulikuwa kumtaja kaka wa mkewe, na mimi nilimkasirikia sana kwa ukimya huo.

Masika ya mwaka huu alizunguka shamba kwa shamba, kwenye mvua, aking'oa miti iliyokufa na kuichoma mizizi mahali pale pale, ili udongo wenu upone. Tarehe 28 Mei 1936 alishikwa na kichomi, na Jumanne, tarehe 9 Juni 1936, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa hospitali ya serikali, inamshukuru pia Mzee Bushiri wa Magomeni, ambaye alipoteza michungwa arobaini lakini akaendelea kumkaribisha marehemu chai, na majirani wengine tunawashukuru kwa kufika leo.

Jambo la mwisho. Asubuhi hii Mathiasi ameleta mche wa mchungwa upandwe kichwani pa kaburi, umefungwa ndani ya gunia. Candida ameupokea, lakini ameleta pia karai kutoka nyumbani, lile lile, lipo pale kando ya udongo, limejaa maji, na anaomba kaka yake aufungue yeye mwenyewe na kuiosha mizizi mbele yetu sote, kabla haujamgusa marehemu.

Kaka Anaeli, pumzika kwa amani, sisi tunasubiri tuone mizizi.