Kalondu wa Asali, Yule wa Kweli

Marehemu Kalondu Musyimi alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Kathonzweni, kitinda mimba wa Mzee Mutie na Mama Kanyiva. Mimi ni Kyule, kaka yake. Alinichagua nisome haya kwa sababu, alisema, wengine wangemsifu mpaka asijulikane.

Alisomea papo hapo Kathonzweni, akamaliza kidato cha nne mwaka 2004. Hesabu alipita vizuri. Kunyamaza ndiko kulikomshinda.

Mwaka 2015 alianza kuuza asali mtandaoni akiwa Kwa Vonza. Mteja alipigiwa simu kwanza, akaulizwa kwao ni wapi. Ujumbe wa malipo hakuuamini hadi aangalie salio, hata ukitoka kwa mchungaji.

Julai 2017, mteja mmoja wa Matinyani alidai ameuziwa sukari, kumbe asali imeganda tu kwa baridi. Akaitisha pesa zirudishwe, na zikarudi. Kalondu hakubishana kwa simu. Alipanda gari hadi kwa huyo bwana, akaomba jiko na sufuria ya maji, akaiyeyusha asali mbele ya mama mwenye boma. Mama akamgeukia mwanawe: "Mlipe, umwombe msamaha, na usimwache aende hivi hivi." Mteja huyo, Bwana Musyimi, alilipa. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2018.

Mwaka 2022 tapeli alifungua ukurasa kwa jina na picha ya Kalondu, akala pesa za watu. Wakaja Kwa Vonza wamefura. Angewaambia waende polisi, lakini kila mmoja aliondoka na chupa ya asali. Nilimgombeza sana, nikamwambia atafilisika. Alinijibu, "Kaka, asali nitapata nyingine. Jina nitalitoa wapi?"

Januari 2025 aliugua figo. Hata kitandani aliripoti ukurasa ule kila asubuhi, na wauguzi akawapa kazi hiyo. Alituaga tarehe 3 Juni, ukurasa ukiwa bado wazi. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kusema.

Ameacha mume wake, Bwana Musyimi, binti yao Nzilani, wazazi wetu, na mimi. Ameacha pia yule Kalondu wa uongo, ambaye ametangaza msiba huu kabla yetu, kwa picha nzuri kuliko yetu, na anaomba rambirambi kwa namba yake. Msitume hata shilingi. Kabla ya udongo, toeni simu tumripoti sote pamoja. Mchungaji amekubali kungoja. Kisha tumlaze dada yangu, na jina lake lipumzike pamoja naye.